Asilimia, tathmini au mpango? Njia tatu za kutimiza wajibu wa usawa katika taasisi ya umma

Sera ya usawa na ujumuishi ni rahisi kuandika. Shida huanza siku ya pili, pale afisa utumishi anapouliza: sasa Jumatatu nifanye nini? Jibu linategemea njia ambayo taasisi imeichagua, na njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni asilimia: sheria au kanuni inataja idadi, nanyi mnaifikia au hamuifikii. Ya pili ni tathmini ya athari: hakuna idadi inayotajwa, ila uamuzi haupiti kabla hamjachunguza utamuumiza nani. Ya tatu ni mpango wa miaka kadhaa, wenye malengo, ratiba na taarifa ya kila mwaka.

Mara nyingi sheria ya nchi imeshalazimisha mojawapo, na hilo halina mjadala. Uchaguzi unaozungumzwa hapa ni ule unaobaki baada ya sheria: muda mlio nao na watu wenu wachache muwaelekeze wapi zaidi.

Mlango, ngazi au dirisha

Kabla ya kuchagua dawa, jueni ugonjwa uko wapi. Katika taasisi ya umma ubaguzi hukaa sehemu tatu. Mlangoni ni kwenye ajira: nani anaomba, nani anaitwa kwenye usaili, nani anapata kazi. Ngazini ni ndani ya ofisi: nani anapanda cheo, nani anapelekwa mafunzoni, nani anakaimu nafasi na kulipwa posho, nani anaacha kazi baada ya miaka miwili. Dirishani ni kwenye huduma: nani anafika kaunta, nani anarudishwa, nani hafiki kabisa.

Asilimia hutibu mlango. Mpango hutibu ngazi. Tathmini hutibu dirisha. Kila moja hugusa kidogo eneo la mwenzake, lakini nguvu yake kubwa iko hapo. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutibu dirisha kwa dawa ya mlango: wagonjwa viziwi wanalalamika kwamba hospitali haina mkalimani wa lugha ya alama, na uongozi unajibu kwa kuajiri watu watatu wenye ulemavu masijala. Kuwaajiri ni jambo jema. Mgonjwa kiziwi bado anaandikiwa dawa kwa ishara za vidole.

Kupima hakuhitaji mshauri wa nje. Chukueni miezi 12 iliyopita na mtoe karatasi tatu: waombaji wa kazi kwa kila hatua, kuanzia maombi hadi barua ya ajira, watumishi kwa kila daraja la mshahara, na malalamiko pamoja na maombi ya huduma yaliyokataliwa. Pale karatasi inapokosekana kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika, hilo nalo ni jibu, na kwa kawaida karatasi inayokosekana ni ile ya dirisha.

| | Asilimia | Tathmini ya athari | Mpango wa miaka |
|---|---|---|---|
| Swali linalojibiwa | Tuko wangapi? | Uamuzi huu utamgusa nani? | Tumebadilika kiasi gani tangu mwaka jana? |
| Eneo lake | Ajira, bodi, kamati | Huduma, bajeti, mifumo, kufunga ofisi | Vyeo, mishahara, mafunzo, utamaduni wa ofisi |
| Dalili za kwanza | Raundi ya kwanza ya ajira | Uamuzi wa kwanza uliorekebishwa | Mwaka wa pili |
| Mzigo wa kazi | Mdogo, ila hesabu iwe sahihi | Mkubwa kwa kila uamuzi | Mkubwa mwanzoni, kisha wa kila robo mwaka |
| Inavyochakachuliwa | Kuwajaza watu madaraja ya chini | Fomu kujazwa baada ya uamuzi | Malengo yasiyo na mwenyewe |

Asilimia: kali, wazi, na rahisi kukosewa

Afrika Mashariki imeizoea njia hii. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Ibara ya 54 inataka angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo hivyo wawe watu wenye ulemavu, kwa utekelezaji wa hatua kwa hatua. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu.

Uzuri wa asilimia ni kwamba mkaguzi anaiangalia kwa dakika tano. Ubaya ni kwamba hesabu yenyewe hukosewa, tena na watu wazima waliosoma. Chukua bodi ya wajumbe 7. Wengi hupiga hivi: theluthi moja ya 7 ni 2.33, basi wanawake 2 wanatosha. Hawatoshi. Wanaume 5 kati ya 7 ni asilimia 71.4, na kikomo ni asilimia 66.7. Njia salama ni kuanza na kikomo cha juu: theluthi mbili za 7 ni 4.67, na kwa kuwa hairuhusiwi kuzidi, mnashusha hadi 4; wanaobaki ni 3. Bodi ya 8 inaruhusu 5 wa jinsia moja, ya 9 inaruhusu 6, ya 10 inaruhusu 6 vilevile, ya 11 inaruhusu 7. Kanuni ni fupi: "isizidi" shusha, "isipungue" pandisha. Kwa hiyo asilimia 3 ya watumishi 340 ni 10.2, na jibu ni watu 11.

Kosa la pili liko kwenye kigawanyo. Je, watumishi wa mkataba, vibarua na walioazimwa wamo? Taasisi ikiwahesabu pale inapotafuta wenye ulemavu, kisha ikawatoa pale inapopata jumla, asilimia hupanda bila mtu hata mmoja kuajiriwa. Andikeni tafsiri moja, muitumie juu na chini ya mstari wa sehemu, na msiibadilishe katikati ya mwaka.

La tatu ndilo linalouma zaidi. Asilimia haisemi mtu anakaa wapi. Taasisi inaweza kufikia lengo la wanawake kwa kuwajaza mapokezi, usafi na ukatibu muhtasi, na taarifa ikasomeka safi kabisa. Dawa yake ni kuitoa asilimia kwa kila kundi la madaraja badala ya jumla moja: chini, kati, juu na menejimenti. Mistari minne, na uongo wa jumla unajianika wenyewe.

Kisha kuna suala la njia ya kufika. Kenya imetoa somo zuri kuliko maelezo yoyote. Kanuni ni ileile ya theluthi mbili, lakini kwa mabunge ya kaunti Katiba yenyewe, ibara ya 177, inaongeza viti maalum mpaka uwiano utimie baada ya uchaguzi. Kwa Bunge la Taifa hakuna viti vya kujazia namna hiyo. Mabunge ya kaunti yana utaratibu wa kufika. Bunge limekwama kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Lengo lisilo na utaratibu wa kujazia pengo hubaki maombi. Kwenye ofisi, utaratibu huo unaweza kuwa mwepisi: nafasi haifungwi iwapo orodha ya usaili haina hata mwombaji mmoja mwenye sifa kutoka kundi lililopungukiwa, tangazo linarudiwa mara moja, na linapelekwa pia kwenye vyama vya watu wenye ulemavu na si kwenye tovuti ya taasisi peke yake.

Na akishaajiriwa? Kizingiti cha sentimita 15 mlangoni kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180 kwa uwiano wa 1 kwa 12, uwiano unaotumika sana kwa viti vya magurudumu. Mafundi wengi hujenga fupi ya nusu yake kwa sababu nafasi ni ndogo, na matokeo yake ni mteremko ambao mtu hawezi kuupanda bila kusukumwa. Mtumishi anayehitaji kusukumwa kila asubuhi atahesabiwa kwenye asilimia mwaka huu. Mwakani atakuwa ameacha kazi.

Tathmini ya athari: inafika ambako asilimia haifiki

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza. Kifungu cha 149 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kilichoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2011, kinaitaka mamlaka ya umma izingatie ipasavyo mambo matatu katika kila inalofanya: kuondoa ubaguzi, kusogeza mbele usawa wa fursa, na kujenga mahusiano mema kati ya makundi. Hakuna asilimia iliyotajwa humo. Badala yake mahakama, hasa tangu kesi ya Brown ya 2008 iliyoamuliwa chini ya sheria ya awali, zimejenga masharti ambayo taasisi yoyote duniani inaweza kuyaazima bila gharama: mwenye kuamua awe anaujua wajibu huo, auzingatie kabla ya uamuzi na wakati wa uamuzi, si baada, afanye kwa dhati na si kwa kutia alama kwenye visanduku, asiukabidhi kwa mwingine, auendeleze, na kumbukumbu zitunzwe.

Sharti la "kabla" linavunjwa kila siku. Zabuni imeshatangazwa, mkandarasi amepatikana, ndipo fomu ya tathmini inatafutwa ili faili likamilike. Fomu ya namna hiyo haisaidii hata mbele ya hakimu, kwa sababu tarehe zinasema zenyewe.

Sharti la kutokukabidhi nalo lina meno. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba polisi wa South Wales hawakutimiza wajibu huu walipotumia mfumo wa kutambua nyuso hadharani, kwa kuwa hawakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha kama programu ina upendeleo wa rangi au jinsia. Mtengenezaji hakutaka kufichua data aliyoifundishia programu, akidai ni siri ya biashara. Mahakama ilisema sababu hiyo inaeleweka kibiashara, lakini haiwaondolei polisi wajibu wao. Kwa anayenunua mifumo ya TEHAMA, somo lake ni la kuandikwa kwenye hadidu za rejea kabla ya zabuni: mzabuni atoe matokeo ya majaribio kwa makundi mbalimbali, au aruhusu taasisi ijipimie. Ukisaini mkataba kwanza, huna tena cha kumdai.

Lakini tathmini ina ukomo wake, na ni vizuri kuusema mapema kabla watu hawajaiwekea matumaini isiyoyabeba. Novemba 2013 mahakama hiyohiyo ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kuufunga Mfuko wa Maisha ya Kujitegemea, uliokuwa ukiwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa, kwa sababu ya kutozingatia wajibu huu. Serikali ikarudi, ikafanya tathmini upya, Machi 2014 ikaamua vilevile, na mfuko ukafungwa Juni 2015. Wajibu huu unamlazimisha mwenye uamuzi aangalie. Haumlazimishi abadili.

Fomu nzuri ni fupi. Kwanza uchujaji wa ukurasa mmoja: nini kinabadilika, nani anatumia sasa, nani anaweza kupoteza, tuna data gani, tumemuuliza nani. Ukurasa huo ukionyesha hakuna anayeguswa, mnaishia hapo na kuutunza. Ukionyesha dalili ya madhara, ndipo tathmini kamili inaanza, pamoja na kukutana na wahusika na kuweka njia mbadala mezani. Msifanye tathmini kamili kwa kila kitu. Taasisi inayotathmini hata ununuzi wa karatasi huchoka ndani ya miezi sita na kuanza kunakili majibu ya zamani.

Tofauti kati ya tathmini hai na mfu inaonekana kwenye sentensi moja. Tuseme taasisi inaacha fomu za karatasi na kuhamisha maombi yote mtandaoni. Mfu inasomeka hivi:

"Athari kwa watu wenye ulemavu: hakuna. Mfumo uko wazi kwa wananchi wote."

Hai inasomeka hivi:

"Namba ya uthibitisho inakwisha muda baada ya sekunde 60. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hafiki mwisho wa ukurasa kwa muda huo. Muda uongezwe hadi dakika 10 kabla ya uzinduzi. Mhusika: mkuu wa TEHAMA. Anayethibitisha: watumiaji watatu wasioona, kwenye simu zao wenyewe."

Ya pili ina kasoro iliyotajwa, sababu, hatua, mtu na namna ya kuhakiki. Mkiona fomu ambayo neno "hakuna" limeandikwa mistari yote, irudisheni bila kuisoma zaidi. Na saini ya mwisho iwe ya yule anayeamua, si ya afisa aliyeandaa. Kama ni bodi, matokeo yawekwe ndani ya waraka wenyewe wa bodi, si kiambatisho namba 7 ambacho hakuna anayefika.

Mpango wa miaka: unahitaji data, na data inahitaji imani

Afrika Kusini inatumia njia hii. Sheria ya Usawa wa Ajira ya 1998 inamtaka mwajiri anayehusika ashauriane na wafanyakazi, achambue vikwazo vilivyopo, aandae mpango usiopungua mwaka 1 wala kuzidi miaka 5, kisha atoe taarifa. Ina kipengele ambacho taasisi nyingi kwingineko hukisahau: mwajiri lazima amteue meneja mmoja au zaidi wa ngazi ya juu kusimamia mpango, na ampe mamlaka na nyenzo. Ireland Kaskazini ina sura nyingine ya njia hiyo. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Ireland Kaskazini ya 1998 kinazitaka mamlaka za umma ziwe na waraka wa utekelezaji wa usawa unaopelekwa kwa Tume ya Usawa uidhinishwe, ukieleza jinsi watakavyoshauriana na umma na kutathmini sera. Uskoti nako mamlaka za umma zilizotajwa kwenye kanuni za 2012 hutoa taarifa ya maendeleo kila miaka 2 na kupanga matokeo ya usawa angalau kila miaka 4.

Nguvu ya mpango ni kwamba unaona mwendo. Asilimia ni picha ya mnato. Mpango ni video. Kwa hiyo unaweza kuonyesha mahali hasa watu wanapochujwa. Kipimo kizuri cha kuanzia ni kile cha nne ya tano, kilichowekwa Marekani mwaka 1978: kiwango cha kupita cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi linalopita zaidi, kuna la kuchunguza. Wanaume 120 wameomba, 48 wameitwa kwenye usaili: asilimia 40. Wanawake 80 wameomba, 20 wameitwa: asilimia 25. Gawa 25 kwa 40, unapata asilimia 62.5, chini ya 80. Hapo hamjathibitisha ubaguzi, ila mmejua hatua ya kuchunguza: orodha fupi, wala si usaili. Rudieni hesabu kwa kila hatua. Huenda usaili ukatoka safi na tatizo lote likawa kwenye sharti la "uzoefu wa miaka 5 mfululizo", linalomwangusha kila mwanamke aliyesimama kazi kwa ajili ya kulea. Tahadhari moja: waombaji wakiwa wachache, tuseme 6 na 5, mtu mmoja tu anageuza jibu. Unganisheni nafasi za miaka miwili mitatu kabla ya kusema lolote.

Kwenye mishahara, watu wa utumishi wa umma hupenda kusema, "sisi tuna viwango vya serikali, hatuna pengo." Viwango vinahakikisha malipo sawa kwa kazi sawa, basi. Pengo hutoka kwingine: nani yuko daraja la juu, nani anapewa kukaimu, nani anasafiri na kulipwa posho. Mkilinganisha mshahara wa msingi peke yake mtaona usawa usiokuwepo. Wekeni na posho zote za mwaka.

Sasa data. Dodoso la watumishi likiuliza "Je, wewe ni mlemavu? Ndiyo/Hapana", wengi wataandika hapana, wengine kwa woga, wengine kwa sababu hawajioni hivyo. Maswali ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, yanakwepa neno hilo kabisa. Seti fupi ina maswali 6: ugumu wa kuona hata ukiwa na miwani, kusikia hata ukiwa na kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia "hakuna ugumu" hadi "siwezi kabisa", na anayehesabiwa ni aliyejibu "ugumu mwingi" au zaidi kwa angalau swali moja. Kwenye maswali ya dini, kabila na mengine kama hayo, wekeni nafasi ya "sipendi kusema", na wasiojibu wapewe safu yao kwenye jedwali. Mtu aliyenyamaza hajasema hapana.

Halafu kuna siri. Kwenye idara ya watu 12, kuandika "1 mwenye ulemavu wa akili" ni sawa na kumtaja jina. Utaratibu wa kawaida ni kutochapisha idadi iliyo chini ya 5. Lakini mkificha kisanduku kimoja huku jumla iko wazi, mtu anatoa tu na kukipata. Inabidi mfiche viwili. Majibu yenyewe yakae kwa watu wawili waliotajwa kwa cheo, mbali na faili binafsi la mtumishi, kwa sababu faili hilo hupita mikononi mwa kila kamati ya upandishaji vyeo. Habari ikivuja mara moja, idadi ya wanaojibu mwakani huporomoka, na mpango unabaki kipofu kwa miaka.

Mpango hufa kwa sababu moja kuu: malengo yasiyo na mwenyewe. "Kuimarisha utamaduni jumuishi" si lengo. "Wanawake waliokaimu nafasi za ukuu wa kitengo wafike 4 kati ya 10 ifikapo Desemba, mhusika: mkurugenzi wa utawala, itapimwa na mkaguzi wa ndani" ni lengo. Malengo 4 ya namna hiyo yanashinda 20 ya namna ile.

Kuna ya nne, ya wenye mkoba

Uganda imeongeza kitu ambacho hakiingii vizuri kwenye makundi hayo matatu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka mapendekezo ya bajeti yapate cheti kinachothibitisha kwamba yamezingatia jinsia na usawa, na Tume ya Fursa Sawa inahusika katika kutathmini. Ni tathmini iliyofungwa kwenye fedha, na kwa hiyo hakuna anayesahau. Taasisi moja haiwezi kujitungia sheria ya bajeti, ila inaweza kuiga: mkuu wa fedha asipokee maombi ya idara yasiyo na ukurasa ule mmoja wa uchujaji. Barua za kukumbusha hazina nguvu hiyo.

Nani abebe

Afisa mmoja wa usawa chini ya idara ya utumishi ni chaguo linalopendwa kwa kuwa ni la bei nafuu. Kwa asilimia linatosha. Kwa tathmini halitoshi, sababu maamuzi ya huduma hayapiti utumishi, na afisa wa daraja la kati hawezi kumzuia mkurugenzi. Kamati ya wawakilishi wa idara husikia mengi kutoka chini, lakini wasipopunguziwa kazi zao za kawaida hukutana mara mbili kwa mwaka na kunywa chai. Mpangilio unaofanya kazi kwa njia zote ni wa vipande viwili: wakuu wa idara wanawajibika, kila mmoja kwa maamuzi yake, na afisa wa usawa anafundisha, anahakiki na kuripoti moja kwa moja kwa mtendaji mkuu. Na tafadhali, msimpe kazi hiyo mtumishi pekee mwenye ulemavu kwa kuwa tu "anaelewa". Huyo aliajiriwa kuwa mhasibu.

Basi mchague ipi

Kama karatasi zenu tatu zinaonyesha watu hawaingii kabisa, anzeni na asilimia kwa kila kundi la madaraja, na utaratibu wa kurudia tangazo. Kama wanaingia lakini wanakwama au kuondoka, asilimia itawapotezea muda. Andikeni mpango wa miaka 3 wenye malengo 4, na mwaka wa kwanza uwe wa kukusanya data peke yake. Kama malalamiko mengi ni ya wananchi, anzeni na tathmini, tena kwa maamuzi matatu makubwa ya mwaka huu tu: bajeti, mfumo mpya wa TEHAMA, na kufunga au kuhamisha ofisi yoyote.

Taasisi yenye watumishi chini ya 50 isihangaike na takwimu za mpango. Idadi ni ndogo mno kusema kitu, na siri haitunziki. Kwao tathmini ndiyo yenye faida, pamoja na mazungumzo ya ana kwa ana na kila mtumishi kuhusu anachohitaji ili afanye kazi yake.

Taasisi kubwa itaishia kutumia zote tatu, lakini isizianze siku moja. Tathmini inaweza kuanza wiki hii, kwa sababu inahitaji ukurasa mmoja na mtu wa kuurudisha ukijazwa vibaya. Asilimia isubiri mzunguko ujao wa ajira. Mpango usubiri dodoso, na dodoso lisubiri mpaka watumishi wameambiwa kwa maandishi ni watu gani wawili watakaoyaona majibu yao.